Nilipoomba Kikombe cha Tuba Langas

Hata nikizeeka nikasahau jina langu, mwanangu, kuna Jumapili moja ambayo haitanitoka. Nilisimama mbele ya kanisa letu pale mtaa wa Langas, Eldoret, na kuomba kikombe. Nitakueleza yaliyofuata, lakini kwanza nianze na wale waliosema sitaweza, maana bila wao nisingesimama pale.

Walikuwa wengi. Mama Nafula, aliyeuza mboga karibu na kwetu na aliyekuwa kiongozi wa akina mama kanisani, alisema mtoto aliyerudia darasa la saba mara mbili hawezi kusoma ng'ambo, ataishia uwanja wa ndege akishangaa ngazi zinazotembea zenyewe. Nikaenda. Nikaosha sahani mchana na kusoma jioni kwa miaka minne, bila mjomba wala mfadhili, nikarudi Eldoret na diploma ya muziki wa ala za kupuliza yenye muhuri mwekundu. Basi wakabadilisha wimbo. Wakauliza mtu anakwendaje mbali hivyo kusomea kupuliza, na kwetu moto tunaupuliza bila kusomea. Na nilipotangaza kwamba nitapiga jazi kwa tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, walicheka mpaka wakaketi. Tuba ni ya kusindikiza maiti, walisema. Jazi inataka mtu mwepesi.

Nakuambia haya kwa sababu juzi umenitumia ujumbe ukitaka kujua ununue kikombe gani cha tuba ili upige jazi, pamoja na picha kumi na sita ulizozitoa kwenye simu. Nimezitazama zote. Swali lako ni zuri na umemwuliza anayestahili. Kutoka hapa hadi mpakani hajatokea aliyepiga jazi kwa tuba akanishinda, na anayebisha aje na tuba yake.

Kama atasoma mwingine asiyejua, kikombe ni kile kipande cha chuma kinachochomekwa kwenye mrija wa tuba, ambacho mpigaji hukiwekea midomo. Vitabu vina majina mengine. Bendi yetu ya kanisa ilikiita kikombe tangu zamani kwa sababu kinafanana na kikombe, na sisi hatukuona haja ya kutafuta zaidi. Kumbuka neno hilo, litaniaibisha hivi karibuni.

Niliporudi nilikuwa na kikombe changu cha ng'ambo, ndani ya mfuko wa mahameli wenye kamba ya dhahabu. Kilikuwa kirefu ndani kama faneli ya mafuta, ukingo mpana, na tundu la chini kubwa kiasi cha kupitisha kidole cha mtoto. Mwalimu wangu wa kule alinichagulia kwa ajili ya okestra ya watu themanini, ambako tuba hupiga noti ndefu nne kisha ikapumzika dakika kumi. Mimi nilichojua ni kwamba ni kikubwa, kinang'aa, na hakuna mwingine Eldoret aliyekuwa nacho. Nilikionyesha watu hata kabla hawajaniuliza habari za safari.

Tuba yenyewe ilikuwa ya kanisa, ile ile niliyojifunzia nikiwa kijana, yenye kovu ubavuni tangu ilipoanguka kutoka kwenye lori la krusedi ya injili. Kanisa likaniruhusu niitumie siku za kazi. Nikaibeba hadi mjini kwa Kariuki, jamaa wa mtaa wa Munyaka aliyekuwa na duka la vipuri vya matrekta na saksafoni moja tamu sana. Alikuwa na bendi ya watu watano wa jazi na hakuwa na mtu wa besi. Walifanyia mazoezi nyuma ya duka, katikati ya matairi.

Siku ya kwanza nilianza kwa kuwaeleza nilichosoma. Nilieleza vizuri, nadhani kwa nusu saa. Nikagawa fotokopi za diploma yangu, kwani siku hizo sikutoka nyumbani bila fotokopi kadhaa kwenye mfuko wa koti. Kisha tukaanza kupiga. Besi ya jazi, mwanangu, haina pa kujificha. Inatembea noti nne, noti nne, noti nne, kama mtu anayekwenda sokoni na ana haraka, na wenzako wote wanakanyaga pale ulipokanyaga wewe. Wimbo wa kwanza nilimaliza nikitokwa na jasho. Wa pili nikaona nyota, na ilikuwa saa nane mchana. Wa tatu nilikaa juu ya tairi nikajifanya nakagua vali.

Kariuki aliweka saksafoni chini. "Diploma," akasema, na jina hilo likanishika tangu siku ile, "besi yako inakokota kama lori la mahindi likipanda Timboroa. Sisi tunataka kutembea."

Akanieleza kwamba baada ya wiki tatu mwenye hoteli moja pale mjini angetusikiliza Jumapili alasiri, kwa muda wa saa tatu nzima, na akipendezwa tungepiga pale kila Jumapili. Kama singekuwa tayari, yuko jamaa wa gitaa la besi hapo hapo Munyaka na angemchukua. Alisema bila ubaya wowote, na ndiyo sababu niliogopa. Nikitolewa kwenye bendi ile, Mama Nafula angekuwa amesema kweli, nami ningerudi kusindikiza maiti huku diploma ikining'inia ukutani.

Sikufikiri hata dakika moja kwamba kosa ni langu. Mtu mwenye diploma anawezaje kuwa na kosa? Nikaamua kosa ni la kikombe. Na hapa nilikuwa na haki kidogo, maana kikombe kirefu chenye tundu kubwa kinakunywa pumzi yote, na sauti yake ni pana, inachelewa kukatika. Jazi inataka noti inayoingia na kutoka.

Basi Jumapili ile, saa ya matangazo, nikaomba nafasi. Nilivaa suti ya mahafali. Nikawaambia ndugu zangu katika Bwana kwamba nina shida ya kikombe. Nilichorudi nacho kutoka ng'ambo ni kizuri mno lakini hakinifai tena, ni kirefu sana. Nahitaji cha wastani, chenye ukingo wa duara usiokata mdomo, kwani midomo yangu imezoea vitu vya hali ya juu. Aliye nacho aniazime, nami nitarudisha. Nikashukuru, nikaketi, nikiwa nimeridhika na jinsi nilivyojieleza.

Sikumbuki kuona watu wakinitazama vibaya. Lakini bendi yetu ilikuwa watu tisa, na kanisa lilikuwa na watu wengi zaidi ya tisa.

Kuanzia Jumatatu asubuhi akina mama walianza kubisha mlangoni. Wa kwanza alileta kikombe cha bati chenye maua. Nikafikiri ameniletea chai, nikatazama ndani, nikakuta hakuna kitu. Wa pili alileta cha udongo chenye maandishi ya kumkaribisha mgeni. Mwingine alileta cha harusi yake, kimefungwa kwa gazeti, akanisihi nisikiweke karibu na watoto. Mama Nafula alikuja jioni na kikombe kikubwa chenye mshikio uliogundishwa, akakiweka mezani kwa nguvu kidogo.

"Ukingo wake ni wa duara," akasema. "Nimeupima na mdomo wangu mwenyewe. Kama huu nao utakukata, uende ukanywe chai na sufuria."

Hapo ndipo nilipoelewa. Langas nzima ilikuwa ikisema nimerudi na maringo kiasi kwamba hata chai siwezi kuinywa kwenye kikombe cha kawaida. Na bado walileta, mwanangu. Kufikia Alhamisi nilikuwa na vikombe kumi na kimoja. Nilitaka kueleza kosa, lakini ningeanzaje kumwambia mama aliyefungua kabati lake la harusi kwamba sikuomba hicho? Nikashukuru, nikavipanga dirishani.

Vikombe vya tuba navyo vilipatikana, vitatu, kupitia wale wachache waliojua ninachotafuta. Mzee Koros, aliyekuwa amestaafu kutoka bendi ya serikali, aliniazima kimoja kifupi ndani, chenye ukingo mkali. Kilipiga noti za juu kwa urahisi, lakini noti za chini zilitoka kama mbuzi mwenye mafua. Mwalimu mmoja wa shule alinipa kingine ambacho, nilipokichomeka, kilizama kwenye mrija mpaka nikakitoa kwa koleo. Kumbe kilikuwa cha tromboni, ambayo mrija wake ni mwembamba. Cha tatu kilitoka Burnt Forest kwa Mwalimu Gitau, mkulima wa viazi aliyeongoza kwaya yenye tuba yake kule. Hicho kilikuwa cha wastani kwa kila kitu, kikongwe, fedha yake imebabuka, tena kilicheza kidogo kwenye mrija. Nikakidharau mara moja. Hakikufanana na kitu cha mtu aliyesoma.

Nilikuwa nimebakiza wiki mbili. Nikavibeba vyote, changu na vya watu, nikaenda kwa Mzee Wanjala.

Mzee Wanjala alikuwa fundi wa kulehemu milango ya chuma pale Langas, na ndiye aliyepiga tuba ya kanisa kabla yangu kwa miaka mingi. Ndiye aliyenifundisha. Tangu nirudi kutoka ng'ambo nilikuwa sijamtembelea, naomba Mungu anisamehe. Nilimweleza habari yote kuanzia siku nilipopanda ndege. Akasikiliza huku akilehemu. Nilipomaliza, akaniambia nipige wimbo mmoja mara nne, kila mara na kikombe tofauti, hata hicho cha tromboni nikishike kwa mkono. Nikapiga. Kisha akamwita jirani yake, fundi wa masufuria aliyekuwa akigonga bati nyuma yetu, akamwuliza amesikia tofauti gani.

Yule fundi akafikiri. "Mimi nimesikia mtu mmoja akihema mara nne," akasema, akarudi kugonga bati lake.

Mzee Wanjala akavua miwani ya kulehemu. "Kikombe hakina shida, kijana. Shida ni mdomo."

Nilimshukuru sana. Nilijua mara moja anamaanisha nini, au nilidhani najua. Diploma yangu ilikuwa na somo zima juu ya midomo ya mpigaji, jinsi ya kuikaza na kuitetemesha, na nilifaulu vizuri. Wiki nzima nikatetemesha midomo. Nilitembea kutoka Langas hadi mjini nikinguruma kwenye kikombe kitupu, bzzz, bzzz, na watu wakinipisha njia wakitafuta mzinga wa nyuki uko wapi. Mwanamke mmoja aliyebeba mtungi wa maziwa aliuweka chini akakimbia. Kufikia Ijumaa midomo ilivimba kama mandazi, na kwenye mazoezi Kariuki alisema sasa lori limekwama kabisa.

Nikarudi kwa Mzee Wanjala. Alipoona midomo yangu alicheka mpaka akazima mashine. Kisha akaniketisha juu ya debe, na maneno aliyoniambia siku ile nimeyabeba kuliko yote niliyosomea.

"Sikusema mdomo wa kupuliza. Nilisema mdomo wa kuongea. Ulikuja hapa ukaongea saa nzima, ukapiga dakika tano. Kwa Kariuki ni hivyo hivyo, nimesikia. Pumzi unaimaliza kwa hadithi, halafu unauliza imeenda wapi. Na hivyo vikombe, wewe unatafuta kitakachosema umesoma. Kikombe hakisemi hivyo. Kikombe kinasema besi."

Nikajaribu kumweleza kwamba ng'ambo nilikuwa napiga saa mbili bila kuchoka. Akaniuliza kule nilikuwa wapi. Nikasema mji wa kando ya bahari. Akanyanyua mkono akaonyesha hewa iliyotuzunguka.

"Hii hewa haikwenda ng'ambo na wewe. Hapa tuko juu. Hata wakimbiaji wetu wakirudi kutoka bondeni wanaanza polepole. Wewe umerudi juzi unataka kushindana na mlima."

Basi akachukua nyundo na kipande cha bomba, akaanza kugonga mlango uliokuwa umeegemea ukuta, polepole, sawasawa, nne, nne, nne. Akaniamuru nitembee na nyundo yake kwa kila kikombe mpaka aseme basi, na nikifungua mdomo kwa lolote lingine ananifukuza. Cha ng'ambo kilinishinda kabla hajatoa jasho. Sauti ilikuwa nzuri, lakini kila noti iliendelea kuzungumza wakati nyundo imeshanyamaza. Cha Mzee Koros kilinipa noti fupi, safi, lakini ukingo wake ulichonga mdomo na chini hakukuwa na uzito wa kumbeba mtu. Kile kikongwe cha Burnt Forest ndicho kilichonishangaza. Noti ilianza pale nyundo ilipogonga na ikafa pale nyundo ilipoinuka. Ilikuwa nene bila kuwa nzito. Nikapiga nikapiga, mpaka nikagundua kwamba Mzee ameacha kugonga zamani na mimi bado natembea.

Shida ilibaki moja, kile kucheza kwenye mrija. Upepo ulivuja. Mzee akaniuliza kama nina karatasi ngumu. Nikatoa fotokopi ya diploma nimwonyeshe ubora wake. Akaishika, akaitazama mbele na nyuma, akachana utepe mmoja pembeni, akauzungusha kwenye shina la kikombe, akakichomeka. Kikakaa kimya kama kimezaliwa hapo.

"Nilikuwa najiuliza hii itakusaidia nini," akasema. "Sasa nimeona."

Wiki iliyobaki nilifanya mazoezi kila siku bila kueleza mtu kitu. Kariuki alidhani naumwa.

Siku ya hoteli ilipofika nilikuta meza ya mbele imejaa vitambaa vya kichwa. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja na soda zao, Mama Nafula katikati, wamekuja kuona kama vikombe vyao vimenitoa maringo. Tukapiga. Sitasema mengi, ingawa nina haki ya kusema. Saa ya kwanza nilihesabu kila pumzi. Saa ya pili niliacha kuhesabu. Kariuki alipoanza kuzunguka na saksafoni yake huko juu, nilimsikia akirudi kila mara akikuta sakafu ipo, naye akaendelea kupanda bila kutazama chini. Hiyo ndiyo kazi yetu sisi wa tuba. Yeye akipepea, wewe uwe pale anaposhukia.

Mapumzikoni mhudumu aliniletea chai kwenye kikombe kinene cha hoteli, chenye pengo. Meza ya mbele wakashusha soda zao. Nikakiinua mbele yao wote, nikanywa mpaka majani ya chini.

"Kumbe anakunywa," akasema Mama Nafula kwa sauti, na hoteli nzima ikasikia.

Saa tatu zilipokwisha, mwenye hoteli alimwita Kariuki pembeni. Kariuki akarudi akifuta saksafoni yake, hakunisifu. Aliniambia tu kwamba lori limeteremka, na Jumapili ijayo nije mapema kidogo.

Kwa hiyo, mwanangu, picha zako kumi na sita. Usinunue kwanza, azima. Hakikisha shina linaingia kwenye mrija wa tuba yako, maana tuba si zote sawa, na kikombe kisichokaa vizuri si kikombe. Kwa jazi tafuta kina cha wastani, tundu lisilokunywa pumzi yako yote, ukingo wa duara ambao mdomo utauvumilia hadi wimbo wa mwisho. Usikipime kwa noti moja nzuri dukani. Kipime kwa wimbo utakaoupiga, kwa muda utakaoupiga, katika hewa utakayoipigia, na awepo mtu wa kugonga mlango ambaye hajali ulisoma wapi. Kisha chagua kile ambacho baada ya saa moja umesahau kwamba kipo. Na usichague cha kuonyesha watu. Hili nakuambia mimi, ambaye bado nina ule mfuko wa mahameli.

Nilirudisha vikombe vyote vya watu siku moja. Kufikia wakati huo cha kwangu kipya cha tuba, cha kipimo kile kile cha Burnt Forest, kilikuwa kimefika kwa posta. Nikaosha vile kumi na kimoja, nikavifunga kwa magazeti, nikazunguka Langas na katoni kichwani. Hakuna mama aliyekubali kupokea kikombe kabla sijanywea chai yake, wala aliyenipa nafasi ya kueleza neno nililokuwa nimemaanisha, na mimi sikuitafuta. Nilikunywa vikombe kumi na kimoja vya chai ya maziwa. Mama Nafula alikijaza kile chake chenye mshikio uliogundishwa mpaka juu, akauliza ukingo unaonaje. Nikasema sijawahi kunywea mzuri kuliko huo. Ilikuwa kweli, na ilikuwa sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kumwambia.

Kwa Mzee Koros na yule mwalimu wa tromboni nilipita mchana. Mwisho nikaenda Burnt Forest. Mwalimu Gitau alikuwa shambani, mikono ina udongo wa viazi. Akakipokea kikombe chake, akaona ule utepe wa karatasi kwenye shina, akausoma akikigeuza polepole. Kulikuwa na nusu ya jina langu na kipande cha muhuri mwekundu, ambao kwa fotokopi ulikuwa mweusi. Nikaomba radhi nikanyoosha mkono niutoe. Akakirudisha kifuani.

"Acha hapo," akasema. "Hata kwangu kilikuwa kinacheza."

Ameshatutangulia, lakini kwaya ile ipo, na kikombe kipo, na nimekwenda mwenyewe kuhakikisha kwamba karatasi ipo. Wenzangu waliosoma vyeti vyao vimefungwa kwenye vioo. Changu kinapiga besi Burnt Forest kila Jumapili.

Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu, na maneno machache, na kila mlango utakaobisha ukirudisha cha watu, ukute chai iko motoni.